Tashbihi za Mizani Nane

Laini kama hariri. Mtamu kama asali. Mrefu kama mnazi. Mweusi kama makaa. Mkali kama upanga. Nyeupe kama maziwa. Hesabu mizani ya kila kimoja kwa vidole: nane, nane, nane, na nane tena. Kisha fungua diwani ya mashairi ya mapenzi, au ukurasa wa mashairi wa gazeti, uone vifungu hivi vinakaa wapi. Vinakaa kwenye ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, au kwenye utao, nusu ya pili, kipande kizima bila kupungua wala kuzidi.

Si bahati. Sifa ya silabi tatu, neno la kufananishia la silabi mbili, nomino ya silabi tatu: jumla ni 8, na 8 ndiyo nusu ya mshororo wa shairi la mizani 16. Nomino ikiwa na silabi nne, mtunzi huiacha sifa pamoja na "kama" akachukua "mithili ya" au "mfano wa", ambavyo kila kimoja kina mizani 4, akapata "mithili ya asumini", "mfano wa malaika", "mfano wa zumaridi". Nane tena. Halafu vinakuja vina. Ubeti ukidai kina cha -ri, hariri ipo, johari ipo, sukari ipo, bahari ipo. Ukidai -ni, asumini ipo na peponi ipo. Mtunzi hajatazama kitu chochote bado, na nusu ya mshororo imekwisha.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba tashbihi kuukuu ni uvivu wa mtunzi mmoja mmoja. Wavivu wapo. Lakini nimesoma mashairi ya watu wenye bidii kubwa, waliosawazisha kila kina na kila mizani, na bado mpenzi wao ana uso wa mwezi, meno ya lulu, sauti ya kinanda na shingo ya twiga. Arudhi yetu, pamoja na uzuri wake wote, ina ghala la vipande vilivyokwisha kupimwa, na mtunzi anayehangaika na kina cha mwisho saa sita za usiku mkono wake huenda ghalani wenyewe. Kwa hiyo anayetunga kwa vina na mizani ndiye anayepaswa kuwa macho kuliko wote. Nalisema hili kwa kuipenda arudhi, si kwa kutaka ivunjwe.

Tulipata nafasi ya kulizungumza jambo hili tukaipoteza. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu kilichowafundisha watunzi wengi kuipima mishororo yao. Miaka 20 baadaye, 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani, na mgogoro ukawaka: hili ni shairi au si shairi? Watu walibishana vyuoni na magazetini kwa miaka, wengine kwa hasira. Sehemu kubwa ya ubishi ule ilihusu umbo. Waliotetea kanuni walihesabu silabi. Waliozipinga walitetea haki ya kutozihesabu. Swali kwamba vitu vilivyomo ndani ya shairi vimeonwa na nani, kwa macho ya nani, lilisukumwa pembeni.

Matokeo tunayaona leo pande zote mbili. Huku kuna beti zilizopimwa vizuri zenye mwezi na lulu. Kule kuna mashairi huru ambayo mtunzi ameondoa vina, ameondoa mizani, akauacha mwezi na lulu mahali pake. Huyu wa pili amepata hasara kubwa zaidi, kwa sababu muziki uliokuwa ukiibeba tashbihi umeondoka, na tashbihi imebaki peke yake, kila mtu anaona ilivyochakaa. Kezilahabi mwenyewe hakuwa hivyo. Alizaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe, na ziwa na kijiji kilichomlea vimo katika kazi zake. Waliomfuata wengi walichukua kutokuwepo kwa vina. Macho yake hawakuyachukua.

Na anayedhani kwamba kudai tashbihi mpya ni fikra iliyoletwa na vyuo vikuu, arudi kwa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir na Al-Inkishafi yake, utungo uliozaliwa katika visiwa vya Lamu baada ya fahari ya mji wa Pate kuporomoka. Mshairi anauonya moyo wake usidanganyike na dunia. Mada hiyo ilikwisha kusemwa na wacha Mungu wengi kabla yake, na maneno yake yalikuwa tayari: dunia mapito, dunia hadaa. Yeye anaifananisha dunia na bahari iliyochafuka, yenye matumbawe chini. Kisha, na hapa ndipo ninapomstaajabia kila nikisoma, anaifananisha na kisima kisicho na ukingo, chenye fahali mchanga anayepiga watu pembe, hata anayekuja kuchota hayapati maji.

Itazame picha hiyo pande zote. Kiu ni ya kweli. Maji yapo. Anayekuja kisimani anakuja kwa haja halali ya mwili wake. Kinachomwangamiza ni mahali penyewe pa kuchotea: mbele hapana ukingo wa kujishikiza, na nyuma kuna pembe. Mahubiri mengi juu ya dunia humlaumu mtu kwa uroho wake. Tashbihi hii inasema jambo zito zaidi, kwamba hata mwenye kiu halali hasalimiki. Wazo hilo halikuwepo kabla ya kisima. Kisima ndicho kilicholileta.

Mshairi yule yule, alipowakumbuka matajiri wa Pate, aliwafananisha na jua kwa kuwaka kwao. Tashbihi ya jua ilikuwa kuukuu hata zama zake. Lakini hakuiacha isimame peke yake. Aliingia ndani ya nyumba zao, akatazama madaka, yale mashubaka ya ukutani yaliyopangwa sahani za kaure, akaonyesha kwamba sasa wamelala humo makinda ya ndege, na juu wananing'inia popo. Mtu asiyewahi kukaa katika nyumba ya mawe ya mwambao asingeweza kuliona hilo. Jua angelipata kwa mshairi yeyote aliyemtangulia. Madaka ilimbidi ayaone mwenyewe, tena katika nyumba aliyoijua ilipokuwa na watu, au aliyosimuliwa na waliokaa humo.

Wataalamu wa balagha ya Kiarabu, ambayo washairi wetu wa kale waliisoma pamoja na dini, waliigawa tashbihi katika nguzo nne: kinachofananishwa, kinachofananishiwa, neno la kufananishia, na wajihi, yaani ule upande ambao vitu viwili vinakutana. Mwanafunzi wetu wa leo hufundishwa zile tatu za kwanza akaachwa gizani juu ya ya nne, ambayo ndiyo yenye uhai wote. Abd al-Qahir al-Jurjani, aliyefariki mwaka 1078 katika mji wa Gorgan, kaskazini mwa Iran ya leo, aliandika kitabu kizima cha Asrar al-Balagha kikichimba jambo hili. Alitofautisha mfanano unaoonekana papo hapo, kama wekundu wa shavu na wa waridi, na mfanano unaomlazimu msomaji afikiri ndipo aupate. Akasema pia kwamba kadiri vitu viwili vinavyokuwa mbalimbali, ndivyo nafsi inavyoshangaa na kufurahi mshairi anapovikutanisha.

Chukua kipimo hicho uipime "laini kama hariri". Ngozi na hariri vinakutana upande mmoja tu, wa kuguswa, na upande huo umetajwa waziwazi kwa neno "laini". Msomaji hana kazi ya kufanya. Angepewa neno "laini" pekee, asingepoteza chochote. Tashbihi ambayo ukiiondoa shairi halipungukiwi na kitu, hiyo haikuwa tashbihi. Ilikuwa ujazo wa mizani.

Sasa tujaribu kuitafuta iliyo hai, na tuanzie jikoni, kwa sababu jikoni kuna vitu vingi ambavyo mashairi yetu yamevipita bila kuvitazama. Nazi ikishakunwa kwenye mbuzi, hutiwa maji kidogo ikakamuliwa katika kifumbu au chujio, likatoka tui zito. Hutiwa maji mara ya pili, likatoka tui jepesi. Mara ya tatu kinachotoka ni maji meupe tu yasiyo na mafuta. Sasa yashike machicha yaliyobaki. Kwa macho hayajabadilika: ni meupe kama yalivyokuwa yakianguka kutoka kwenye mbuzi. Lakini mkononi yamekuwa makavu, yanapukutika, hayashikani, na utamu hayana tena. Atakayeyala ni kuku uani.

Ni nini katika maisha ya binadamu kinachobaki na sura yake ilhali kilichokuwa ndani kimekamuliwa? Swali hili ndilo kazi yenyewe, na halijibiwi kwa haraka. Mtu atasema uzee, lakini uzee hubadilisha sura. Mwingine atasema cheo cha aliyestaafu, na hapo pana kitu, ila machicha ni ya jikoni na cheo ni cha ofisini, na umbali huo haujengi chochote. Mimi naona ni kicheko. Kicheko cha mama ambaye kila mtu nyumbani amemkamua kwa zamu yake, naye bado anawachekea wageni mlangoni, na meno ni meupe vile vile. Tukiutia mfano huu katika tarbia ya kawaida ya mizani 16, ubeti unaweza kuja hivi:

Jikoni kazi aacha, mlangoni asimama,
Machozi ameyaficha, wageni wasije sema,
Cheko mfano machicha, meupe tui lahama,
Usiku hadi kukicha, hakosi neno salama.

Sikuutunga ubeti huu ili usifiwe. Nimeutunga ili uchunguzwe. Mizani imetimia na vina vimesimama, cha kati -cha, cha mwisho -ma. Kwa hiyo arudhi haikuzuia kitu. Ilichofanya ni kudai malipo: "mfano wa" imepunguzwa ikawa "mfano", inkisari ambayo jadi yetu inaikubali, na "kicheko" kimekuwa "cheko". Mshororo wa kwanza umemtoa mama jikoni kwa makusudi, ili machicha yatakapotajwa yasionekane yameokotwa mbali. Tashbihi yenyewe imekaa kwenye mleo, mshororo wa tatu, na kimalizio hakiifafanui. Hapa watunzi wengi hukosea: wakishapata mfano mzuri huogopa kwamba hautaeleweka, wakatumia mshororo unaofuata kuueleza, na maelezo yakaua kilichozaliwa. Aliyewahi kukamua nazi ameshaelewa. Asiyewahi, neno "tui lahama" limempa njia ya kuingilia.

Angalia pia kwamba ubeti mzima una tashbihi moja tu. Nimeona beti zenye nne, moja kwa kila mshororo, na kila moja inaifuta iliyotangulia. Mpenzi anakuwa nyota, mara ua, mara dafina, mara ndege, na mwishoni msomaji hamwoni mtu.

Je, basi mwezi utupwe? Hapana, wala sitaki mtu aniseme kwamba nimeuhukumu. Mwezi haujachakaa, kilichochakaa ni ule upande mmoja wa mwezi, mng'ao, ambao kila mtu anauchukua. Wajihi nyingine zipo tele, na watu wa pwani wanazijua kwa kazi zao. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari huwa na bamvua: maji hujaa sana, na yakipwa hupwa mbali sana, hata mashua zikabaki zimelala ubavu juu ya mchanga na wanawake wakaenda mbali kwa miguu kutafuta pweza. Siku za nusu mwezi huwa maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji karibu. Mshairi akisema uso wa mpenzi wake ni kama mwezi wa bamvua, kwamba ukitokea humvuta maji yake yote akabaki amelala ubavu kama mashua, ametumia mwezi ule ule wa mababu, lakini amesema jambo ambalo uso na mwezi havikuwahi kulisema pamoja. Na akisema ndoa yake imeingia maji mafu, mvuvi yeyote atanyamaza kidogo.

Hilo linanifikisha kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni watunzi wa bara wanaodhani kwamba ili mtu awe mshairi wa Kiswahili lazima aazime bahari. Kijana aliyezaliwa Njombe anaandika juu ya mawimbi, jahazi na asumini, ilhali nje ya dirisha lake alfajiri ya Juni ukungu umeuficha mlima mzima na baridi inauma vidole. Kijana wa Kericho anaandika lulu, naye amekulia katika mashamba ambako mchumaji wa chai huchagua majani mawili na chipukizi, akaacha yaliyokomaa, siku baada ya siku, kwenye kichaka kile kile ambacho hakiruhusiwi kurefuka. Kichaka ambacho kinachumwa ili kiendelee kuchipua na kinakatwa ili kisikue: ni mangapi katika maisha ya mfanyakazi yanafanana na hicho! Wa Musoma anazo taa za wavuvi wa dagaa ziwani usiku, ambazo kutoka ufukweni zinaonekana kama mji, na asubuhi mji haupo.

Na Kiswahili hakiishii mipaka ya Tanzania na Kenya. Goma, mashariki mwa Kongo, watu huzungumza Kiswahili chini ya volkano ya Nyiragongo. Januari 2002 ujiuji wa moto uliteremka mlimani ukapita katikati ya mji, ukameza nyumba na maduka. Mei 2021 mlima ulilipuka tena na moto ukafika kingoni mwa mji. Ujiuji ule ukipoa huwa jiwe jeusi, na watu wa Goma hulivunja jiwe hilo wakajengea misingi na kuta. Mtunzi wa Goma akiniambia kwamba msamaha ni kama ukuta wa mji wao, uliojengwa kwa mawe yale yale yaliyoichoma nyumba ya kwanza, nitaamini kwamba amesamehe kweli, na kwamba anajua uzito wa alichokifanya. Hakuna waridi litakaloniaminisha hivyo. Mtunzi wa Mombasa hawezi kuitoa tashbihi hiyo kwa haki ile ile, kama ambavyo wa Goma hawezi kuitoa ya bamvua. Utajiri wa lugha yetu umo katika tofauti hiyo, na tunaupoteza kila mmoja wetu anapoazima kwa jirani kitu ambacho jirani mwenyewe amekichoka.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo limeenea kwa vijana wenye hamu ya kuonekana wapya. Wanadhani upya umo katika kitu. Wanataja simu, bodaboda, intaneti, wakahesabu kwamba kazi imekwisha. "Nakupenda kama simu mpya" ni tashbihi kuukuu iliyovaa nguo mpya: upande wa kukutania ni kupendeza, kama ilivyokuwa kwa johari. Lakini simu ina tabia zake ambazo johari haina. Simu isiyo na salio inapokea, haipigi. Mtu anayesema moyo wake umekuwa kama simu isiyo na salio ameeleza hali ya mpenzi maskini wa kusubiri, anayeweza kuitika lakini hawezi kuanza, na ameieleza kwa kitu kilichomo mfukoni mwa msomaji. Hapo upya umetoka kwenye wajihi. Nomino ni ya kisasa kwa sababu tu tabia hiyo ilipatikana huko.

Tena tashbihi sharti iwe kweli kwa kitu chenyewe. Tunaandika "mpole kama njiwa" kwa kurithishana. Mtu aliyewahi kufuga njiwa anajua madume yanavyopigana kwa midomo na mbawa kugombea nafasi bandani. Ajabu ni kwamba ukweli huo ungempa mshairi kitu bora zaidi kuliko upole: ndege tunayemsifia amani, na bandani kwake hakuna amani. Shairi la siasa liko hapo, linasubiri mtu aliyetazama.

Nikubali upande mmoja wa hoja ya wanaozitetea tashbihi za zamani, kwa sababu ni hoja ya haki. Wimbo wa taarabu hausomwi. Unapita masikioni mara moja, na msikilizaji hawezi kuurudia mshororo. Waridi, asumini na tausi hufanya kazi pale kwa sababu zinatambulika papo hapo, na sauti ya mwimbaji ndiyo inayoleta upya. Katika harusi nako, kumsifu bibi harusi kwa mwezi ni adabu, kama maamkizi, na hakuna anayetaka maamkizi mapya kila asubuhi. Lakini shairi linaloandikwa karatasini halina sauti ya kuliokoa, na msomaji wake ana muda wa kurudi nyuma. Lisijitetee kwa udhuru wa wimbo.

Wala upya usiwe siri ya mtunzi peke yake. Jadi yetu ya mafumbo imetufunza kuificha maana, na mara nyingine kuificha ni lazima. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 hadi 1972 kwa ajili ya karatasi ya siasa iliyouliza Kenya inakwenda wapi, na gerezani akatunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Humo mna shairi la jipu. Aliyefungwa hakuweza kusema kila kitu waziwazi, lakini hebu fikiri alichokichagua: jipu ni jambo ambalo kila mwili unalijua, lina uchungu wake, lina kuiva kwake, na lina siku yake ya kutumbuka. Maana ya kisiasa imefichwa, ila kitu chenyewe hakikufichwa hata kidogo. Msomaji asiyejua habari za Kenya ya miaka ile bado atalihisi jipu. Ndivyo fumbo jema lilivyo, na ndivyo tashbihi njema inavyopaswa kuwa: kitu kionekane wazi kwanza, kisha maana ifuate. Mtunzi anayeficha kitu na maana kwa pamoja hajatunga fumbo; amemfungia msomaji mlango.

Anayetaka kujifunza kazi hii anaweza kuanza na daftari dogo lisilo na shairi hata moja ndani. Aandike humo vitu alivyoviona vinavyofanya kazi: jinsi fundi cherehani anavyoshika sindano midomoni akiongea, jinsi kamba ya ndoo inavyochimba mfereji kwenye ukingo wa kisima cha mawe, jinsi muuza maji anavyousukuma mkokoteni kwa kifua mlimani na kuuzuia kwa mgongo akiteremka. Asiandike kwamba kinafanana na nini. Akiandika mapema atapata mfanano wa karibu, na wa karibu ndio uliochakaa. Aache kitu kikae. Siku moja atakuwa anatafuta namna ya kusema jambo lililomtokea, deni, msiba au furaha, na mkokoteni utakuja wenyewe, na atashangaa kuona kwamba umebeba jambo lake lote, kusukuma na kuzuia. Kisha ndipo aupime kwa mizani. Kupima kabla ya kuona ndiko kulikotufikisha tulipo.

Walimu nawaomba jambo moja. Darasani tumezoea kumwambia mwanafunzi ataje tashbihi mbili zilizotumika katika shairi. Anazungushia duara neno "kama", ananakili, anapata alama, na anaondoka akiamini kwamba shairi lenye "kama" nyingi ni shairi lenye ufundi. Mwongezeeni maswali mawili: vitu hivi viwili vinakutana upande gani, na ilimbidi mtunzi akione wapi hiki alichofananishia? Mtoto wa darasa la saba anaweza kuyajibu, na baada ya miezi michache hataweza tena kuandika "mweupe kama theluji" kabla ya kujiuliza ni lini aliiona theluji.

Na wahariri wa kurasa za mashairi, ninyi mnaorudisha shairi kwa sababu mshororo mmoja una mizani 15, mnafanya vyema, endeleeni. Lakini rudisheni pia lile lenye mizani kamili na uso wa mwezi, mkamwandikie mtunzi kwa upole kwamba mshororo wa tatu ni wa watu wengine, atume wa kwake. Akiambiwa hivyo mara mbili, mara ya tatu ataleta kitu alichokiona mwenyewe.